Jack Kirby na miungu waliokatazwa kufa

Unamjua Thanos. Unamjua Darkseid pia, hasa kama ulikaa saa nne nzima ukitazama ile Justice League ya Zack Snyder ya 2021. Pengine usichojua ni kwamba hawa wawili ni kama mtu na binamu yake. Jim Starlin, aliyemuumba Thanos mwaka 1973, hajawahi kuficha kwamba wazo alilitoa kwenye New Gods, komiki alikotoka Darkseid. Na komiki hiyo, maneno na michoro, ilitoka kichwani mwa jamaa mmoja mfupi wa New York aliyependa kuchora akiwa na sigara nene mdomoni. Jina lake Jack Kirby.

Usimchanganye na yule mzee wa miwani aliyekuwa akipita sekunde tano katika kila filamu ya Marvel. Huyo ni Stan Lee. Kirby alifariki mwaka 1994, miaka 14 kabla ya Iron Man ya kwanza kufika kwenye kumbi za sinema. Lakini Captain America, Hulk, Thor, X-Men, Fantastic Four na Black Panther wote walipitia kwenye penseli yake kabla ya wewe kuwaona kwenye skrini.

Leo nataka tuangalie jambo moja katika maisha yake. Kwa takriban miaka 40, mashabiki wa komiki wamekuwa wakibishana kuhusu jinsi alivyoimaliza hadithi ya New Gods. Wengi watakwambia mzee alichemsha. Mimi siko upande wao, ingawa siwezi kukudanganya kwamba kitabu hicho hakina kasoro. Ukitaka kujua kwa nini namtetea, itabidi tuanzie mtaani kwake.

Alizaliwa Agosti 28, 1917, katika mtaa wa Lower East Side, Manhattan, na jina lake halisi lilikuwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Austria, na baba yake alikuwa kibarua katika viwanda vya kushona nguo. Kama umelelewa kwenye ploti ambapo nguo za majirani zinaning'inia juu ya kichwa chako na mtu akipiga chafya ghorofa ya tatu wewe wa chini unaamka, basi mtaa huo unaujua hata kama hujawahi kukanyaga Marekani. Watoto walikuwa na magenge kulingana na barabara walizoishi, na vita vyao vilipiganwa vichochoroni na hata juu ya mapaa. Kirby alikuwa mfupi, na mfupi mtaani ana mambo mawili tu: akimbie au ajifunze kupiga. Alijifunza kupiga. Ukitazama michoro yake utaona kwamba ngumi zake zina uzito. Mtu akigongwa, mwili mzima unaruka na miguu inaacha ardhi. Hilo hakulipata kwenye kitabu.

Shule ya sanaa aliionja kidogo tu. Alijiunga na Pratt Institute akadumu kama wiki moja hivi, basi. Mengine alijifundisha kwa kunakili vibonzo vya magazetini na kutazama sinema. Mwenyewe alipenda kusimulia jinsi siku moja ya mvua alivyookota jarida la hadithi za sayansi lililokuwa likielea mtaroni, akaenda kulisoma kwa kujificha, maana kijana wa genge hakutakiwa kuonekana akisoma vitu kama hivyo.

Kazi za mwanzo zilikuwa za kuganga njaa. Katikati ya miaka ya 1930 aliingia studio ya Fleischer, waliotengeneza katuni za Popeye, akawa anachora zile picha za katikati zinazounganisha hatua moja ya mhusika na nyingine. Meza zilipangwa safu kwa safu na kila mtu alifanya kipande chake kidogo. Akaona kumbe huku ni kiwanda tu kama cha baba yake, akatoka. Weka hilo akilini. Maisha yake yote Kirby alikimbia kiwanda, na kila mara alijikuta ndani ya kingine.

Akiwa na Joe Simon, rafiki aliyekuwa pia na akili ya biashara, waliunda Captain America. Toleo la kwanza liliingia madukani Desemba 1940, na kwenye jalada shujaa anamtandika Hitler ngumi ya taya. Angalia tarehe hiyo vizuri. Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Mwaka mzima kabla ya serikali yao kuamua, vijana wawili wa Kiyahudi walikuwa tayari wameshachagua upande. Barua za vitisho zikaja. Komiki nayo ikauza kwa fujo, karibu nakala milioni moja. Baadaye Simon na Kirby waligundua kwamba mgao wa faida walioahidiwa na mchapishaji haukuwa ukifika wote, wakahamia kwa washindani, kampuni ambayo leo tunaiita DC. Captain America alibaki nyuma, mali ya mdosi.

Mwaka 1942 Kirby alimwoa Roz Goldstein. Kumbuka jina hilo, maana mama huyu ndiye aliyeiweka familia ile wima. Mwaka uliofuata jeshi likamwita.

Alifika pwani ya Normandy, Ufaransa, Agosti 1944, zaidi ya miezi miwili baada ya ule uvamizi mkubwa. Ofisa mmoja aligundua kwamba askari wake ni yule mchoraji wa komiki. Ungedhani angepewa kazi ya ofisini. La! Alitumwa atangulie mbele ya kikosi, aingie miji ambayo haikujulikana kama ina adui, achore ramani na kurudi akiwa hai kama bahati ipo. Majira ya baridi ya mwaka huo miguu yake iliganda vibaya hadi madaktari wakafikiria kuikata. Iliokolewa, na mwaka 1945 akarudi nyumbani. Vita havikuondoka naye jeshini. Alikuwa akiota ndoto mbaya miaka mingi baadaye.

Miaka ya 1950 tuipite haraka. Yeye na Simon walibuni komiki za mapenzi, zikauza ajabu. Kisha wazazi na wanasiasa wakaamua komiki zinaharibu watoto, Bunge la Seneti likaitisha vikao mwaka 1954, biashara ikaanguka, na kampuni yao wenyewe ikafa nayo. Akarudi kwa mchapishaji yuleyule wa Captain America, akiwa na watoto wa kulisha.

Hapo ndipo Stan Lee anapoingia. Kuanzia Fantastic Four ya 1961, wawili hao waliijenga Marvel unayoijua. Namna walivyofanya kazi ndiyo ilizua ugomvi ambao haujaisha hadi leo. Mara nyingi hakukuwa na hadithi iliyoandikwa kwanza. Walizungumza kidogo, Kirby akashuka kwenye kijumba chake cha chini ya nyumba, akachora hadithi nzima, kisha Lee akajaza maneno. Sasa wewe niambie, aliyetunga ni nani? Mwaka 1966 Kirby alileta kurasa zenye mtu wa rangi ya fedha akiteleza angani juu ya ubao. Lee hakumjua ni nani. Huyo ndiye Silver Surfer. Mwaka huohuo walitoa Black Panther, mfalme Mwafrika wa nchi tajiri kuliko za waliokuja kuivamia, wakati nchi nyingi za bara hili zilikuwa na uhuru wa miaka michache tu. Miaka 52 baadaye Lupita Nyong'o aliingia Wakanda kama Nakia, na sote tukajifanya tulikuwa mashabiki tangu zamani.

Lakini kitu alichokipenda Kirby kuliko vyote ni miungu. Alikuwa amemchora Thor mara mbili katika komiki nyingine, 1942 na 1957, kabla ya yule wa Marvel wa 1962. Nyuma ya matoleo ya Thor alikuwa na kurasa chache za hekaya za Asgard, na mwaka 1966 kurasa hizo zilisimulia utabiri wa Ragnarok, vita vya mwisho ambapo miungu wa watu wa Kaskazini ya Ulaya wanaangamia. Katika hekaya yenyewe, baada ya moto dunia inachipuka upya. Kirby aliuchora uharibifu, akauchora pia ule mwanzo mpya. Na moyoni akajiuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale ofisini: hawa wapya ni akina nani?

Marvel isingekubali. Kumwua Thor kabisa ni kuua biashara. Basi wazo hilo akalificha. Alikuwa ameshaona mashujaa wake wakichapishwa kwenye bidhaa huku yeye akilipwa kwa ukurasa, bila mrabaha, bila bima ya maana, na magazeti yakimsifu Lee peke yake. Mwaka 1970 alifunga virago akaenda DC.

New Gods ilianza mapema 1971, ikiwa na ndugu zake Forever People na Mister Miracle. Inaanzia pale hekaya ya Ragnarok inapoishia. Miungu wa zamani wameuana, ulimwengu wao umepasuka vipande viwili, na kila kipande kimekuwa sayari. New Genesis ni ya mwanga na bustani. Apokolips ni kiwanda kikubwa chenye mashimo ya moto yasiyozimika, na mtawala wake ni Darkseid, anayetafuta kanuni ya kuondoa hiari ndani ya kila kiumbe. Hataki tu utii amri. Anataka usiwe na uwezo hata wa kuwaza kukataa.

Kiini cha hadithi kiko katika toleo la 7 la mwaka 1972, liitwalo The Pact. Pande mbili zimechoka kwa vita. Ili amani idumu, wafalme wanabadilishana watoto. Scott Free, mtoto wa Highfather wa New Genesis, anatupwa kwenye kituo cha mayatima cha Granny Goodness huko Apokolips, ambako watoto hupondwa mpaka wawe askari. Orion, mtoto wa Darkseid, analelewa New Genesis na kufundishwa upole, ingawa damu yake inachemka na uso wake halisi ni wa kutisha, umefichwa na kifaa anachotembea nacho. Na kuna utabiri kwamba baba na mwana hawa watakutana kwenye pambano la mwisho, mahali paitwapo Armagetto.

Tazama hilo jina. Nusu yake ni Armageddon, vita vya mwisho wa dunia. Nusu nyingine ni ghetto. Kirby, mtoto wa Lower East Side, aliuweka mwisho wa ulimwengu kwenye mtaa wa mabanda, kati ya watu duni wasio na majina ambao Darkseid anawaita mbwa wenye njaa.

Basi msomaji alingoja. Na hakupata. DC walikuwa tayari wameanza kumkosea heshima: kila alipomchora Superman, mchoraji mwingine aliitwa kuufuta uso na kuuchora upya, eti usitofautiane na ule uliozoeleka. Mwaka 1972 mkubwa wake, Carmine Infantino, alizifunga New Gods na Forever People zikiwa kwenye toleo la 11 kila moja, kwa sababu ya mauzo. Vijana wa Forever People waliachwa wamekwama kwenye sayari ya mbali. Orion naye alimaliza akipigana na Kalibak, ambaye anagundua ni ndugu yake wa kambo. Mister Miracle ilisogea hadi 1974 ikafungwa kwa harusi, na Darkseid akatokea mwishoni kama mgeni asiyealikwa.

Kirby alikuwa na mkataba wa kutoa kurasa 15 kila wiki. Hakuwa na muda wa kuomboleza. Alitengeneza Kamandi, The Demon na OMAC, akarudi Marvel 1975 akafanya The Eternals, miungu tena, na ile nayo ikakatwa kabla haijaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliacha komiki akaenda kwenye katuni za runinga California. Huko, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kazi, ndipo kwa mara ya kwanza alipata mshahara mzuri na bima ya afya. (Kando kidogo: michoro aliyoiandaa kwa ajili ya filamu ambayo haikutengenezwa ndiyo iliyotumiwa na majasusi wa CIA kuwatorosha wanadiplomasia kutoka Iran mwaka 1980. Ukitazama filamu ya Argo, utaona wanavyojifanya watu wa sinema. Hata Kirby hakujua.)

Sasa fika nami mwaka 1984. DC, chini ya viongozi wapya, waliamua kuchapisha tena New Gods kwenye karatasi nzuri na wakamwomba mzee aje aimalize. Walimpa pia kazi ya kusanifu wanasesere wa wahusika wake ili waweze kumlipa mrabaha. Kwa mtu aliyezoea kunyang'anywa, hilo lilikuwa jambo kubwa, na nawapa heko.

Ila kulikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe ni hao wanasesere. Kirby alitaka utabiri utimie, Orion na Darkseid wafe. Wahariri wakakataa. Darkseid alikuwa ameshakuwa adui mkuu wa kampuni nzima, na bidhaa zake zilikuwa madukani. Kirby akachora hadithi nyingine, iitwayo On the Road to Armagetto. Hiyo pia ikakataliwa, safari hii kwa sababu haikuwa na mwisho unaoeleweka. Unaona kichekesho? Usiwaue, lakini maliza. Akachora Even Gods Must Die iwe daraja, kisha mwaka 1985 kikatoka kitabu cha mwisho, The Hunger Dogs, kikiwa kimepachikwa ndani yake kurasa za ile iliyokataliwa.

Na viraka vinaonekana. Ukikisoma utashtuka jinsi wino na mpangilio wa kurasa unavyobadilika bila sababu. Macho na mkono wa Kirby havikuwa vya 1972. Mistari ni mizito, nyuso zingine zimepinda. Wahusika uliowapenda hawaonekani. Mister Miracle na Barda, wanandoa bora kabisa aliowahi kuwaumba, ni kama wamesahauliwa. New Genesis inalipuliwa kwa mabomu madogo mno, na ukipepesa macho umepitwa na kifo cha sayari nzima, mji wake tu ukibaki unaelea angani. Kitu kama hicho mwaka 1972 angekipa kurasa mbili kubwa zinazokuacha mdomo wazi. Mtu akikwambia kitabu hiki hakijakaa sawa, usibishane naye.

Lakini wanaposema mwisho wenyewe ni mbovu, eti kwa sababu baba na mwana hawauani, hapo ndipo tunapoachana.

Tazama kinachotokea. Katika ile hadithi ya daraja, Orion anakwenda Apokolips. Haendi kumwua baba yake. Anakwenda kumtafuta mama yake, Tigra, aliyefungwa huko miaka yote. Anapigwa risasi na watu wa Darkseid, anaanguka, msomaji anadhani kwisha. Katika The Hunger Dogs tunamkuta hai, akiuguzwa na Bekka, binti ambaye anauona uso wake wa kweli na hakimbii. Kijana aliyefundishwa kwamba kazi yake duniani ni kuua anapendwa kwa mara ya kwanza. Wakati huohuo silaha mpya ndogo zimekuja Apokolips, zenye uwezo wa kulipua sayari kwa kubonyeza tu, na Darkseid mwenyewe anaanza kuonekana mtu wa kale, dikteta wa mabuti katika enzi ya vitufe. Mwaka 1985 Marekani na Urusi zilikuwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia. Kirby hakuwa akiandika kuhusu sayari za mbali.

Kisha mbwa wenye njaa wanaamka. Wale watu wa Armagetto, waliokuwa nyuma ya picha tangu 1971 wakibeba mizigo na kupigwa mijeledi, ndio wanaomgeukia Darkseid. Orion anamchukua mama yake na mpenzi wake anaondoka. Darkseid anabaki hai, peke yake, bila mtu wa kumsujudia.

Hii kwangu ni bora kuliko pambano. Fikiria utabiri ungetimia jinsi ulivyosemwa. Mwana mwenye hasira anamwua baba mwenye hasira, na hitimisho linakuwa kwamba damu ni damu, malezi yote ya New Genesis hayakuwa na maana. The Pact ilituuliza kama mtoto wa dhalimu lazima awe dhalimu. The Hunger Dogs inajibu hapana, na jibu lake ni mtu kugeuka na kuondoka. Halafu suala la Darkseid linaachiwa wale aliowakanyaga. Katika hekaya nyingi za miungu unazozijua, maskini ni wa kupiga kelele pembeni wakati wakubwa wakimalizana. Kirby aliwapa ukurasa wa mwisho watu wa mtaa wake.

Na pambano wanalolitaka lilishawahi kuwepo! Mwaka 1978 waandishi wengine wa DC waliichukua hadithi hii bila Kirby wakawapiganisha Orion na Darkseid hadi Darkseid akaangamia. Unalikumbuka? Hakuna anayelikumbuka. Kufikia 1982 alikuwa amerudi kwenye komiki nyingine kama kwamba alikuwa ameenda choo. Akauawa tena mwaka 2008, akarudi tena. Adui anayeuza hafi. Kirby alikatazwa kumwua, basi akamfanyia kitu kibaya zaidi, akamwonyesha mdogo. Kweli, DC nao waliupuuza mwisho huo na kuirudisha New Genesis kama vile haikulipuka. Lakini kwenye kitabu chenyewe umeandikwa, unaweza kuufungua ukausoma.

Sijui kama angeuchagua mwisho huu angeachwa huru. Alitaka vifo. Sitaki kukuuzia kwamba kukatazwa kulimsaidia, maana wakubwa hupenda sana kusikia hivyo. Ninachosema ni kwamba aliwekewa ukuta akatafuta mlango, na huo ndio uliokuwa ufundi wake tangu akiwa mtoto.

Wakati kitabu hicho kinatoka, mwenyewe alikuwa kwenye vita vingine. Marvel walianza kuwarudishia wachoraji michoro yao asilia, ambayo wakusanyaji huinunua kwa hela ndefu. Wengine waliletewa fomu ya ukurasa mmoja. Kirby aliletewa ya kurasa nne, ikimtaka akubali kwamba hana dai lolote juu ya wahusika, ili apewe kurasa 88. Alikuwa amewachorea zaidi ya 8,000. Alikataa kutia sahihi. Wachoraji wenzake na mashabiki walipiga kelele kwa miaka, na mwaka 1987 alipata takriban kurasa 2,000. Zingine ziliibwa au kupotea zamani. Roz alikuwa naye katika yote hayo.

Alifariki nyumbani kwake Thousand Oaks, California, Februari 6, 1994, moyo uliposhindwa. Alikuwa na umri wa miaka 76. Roz alimfuata 1997. Watoto wao waliendelea na kesi dhidi ya Marvel hadi Septemba 2014, siku chache kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kama itaisikiza, ambapo pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Tangu hapo jina la Kirby huandikwa kando ya la Lee. Subiri majina yanapopita mwisho wa filamu, usikimbilie mlangoni, utaliona.

Kama unataka kujisomea, kuna mkusanyiko mmoja mkubwa uliotoka 2017, miaka 100 tangu azaliwe, na una kila kitu pamoja. Ni mzito na bei yake si ya mchezo, kwa hivyo changeni watu watatu. Usianzie mwanzo. Anza na The Pact. Ikikushika, soma toleo la 9 la Mister Miracle, linaloonyesha jinsi Scott alivyotoroka kituo cha mayatima, kisha ruka moja kwa moja hadi Even Gods Must Die na The Hunger Dogs. Ukifika kwenye viraka, vumilia. Watazame wale watu wa nyuma ya picha.